Ajali ya Mtu na Wajibu wa Jirani

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, mtu huanguka ghafula barazani au sokoni, moyo wake ukasimama, na walio karibu naye wakasema, "Ajali yake imefika," kisha wakakunja mikono. Nani aliyewajulisha ghaibu? Ajali, yaani muda aliopangiwa kila mja, aijuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi tumekalifishwa kutenda, hatukukalifishwa kutabiri.

Huenda msomaji akauliza: mbona matabibu hukadiria nani atapona? Hao hawadai ghaibu. Hutazama ishara, kama nahodha atazamavyo upepo. Na ishara zao ni hizi: Je, alionekana alipoanguka? Je, alikandamizwa kifua papo hapo? Je, moyo ulikuwa ukitetemeka, hali ambayo mshtuo wa umeme huweza kuirekebisha, au ulikuwa kimya kabisa? Ulipita muda gani kabla ya mapigo kurudi?

Zingatieni! Mengi katika maswali hayo yatuhusu sisi tuliosimama kando yake kuliko yeye aliyelala. Moyo unaotetemeka ukiachwa hunyamaza; na kila dakika ipitayo pasi na kukandamizwa wala kushtuliwa, tamaa ya kupona hupungua kwa kadiri ya sehemu 7 hadi 10 katika mia.

Njia hii ilitangazwa na wataalamu wa Baltimore, Marekani, mwaka 1960, wala haihitaji chombo. Mtu mzima akiwa hazinduki wala hapumui sawasawa, mmoja aite msaada. Mwingine aweke vitanga vya mikono katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu hata kishuke kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kungojea gari.

Kweli, wengi hawaponi hata wakishughulikiwa. Lakini hata hospitalini, aliyerudiwa na mapigo naye angali amezimia, madaktari waangalifu hungoja angaa saa 72 kabla ya kukata shauri kwamba hataamka. Ikiwa wenye elimu na vyombo hungoja siku 3, vipi sisi tuhukumu kwa dakika 3?

Suratul-Maida imemtukuza mwenye kuihuisha nafsi moja. Basi jifunzeni, nanyi maimamu na walimu wa vyuoni lihimizeni jambo hili. Akifa baada ya juhudi zenu, semeni ni ajali yake. Kabla ya hapo, msiseme.

Wabillahi taufiki.