Amana ya Anayepokea

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, na mawimbi yake yanapotua huku chini yamefifia hata kelele ya joto ndani ya kipokezi chenyewe huyazidi nguvu. Kipokezi huyatambua kwa kuwa kinaujua msimbo wake tangu mwanzo. Kwa unyonge huo, sikio lake halina budi kuwa jepesi mno, na hapo linazuka swali lisilo la mafundi peke yao: mtu anayeishi kwa habari ambazo hawezi kuona zinakotoka, ana wajibu gani wa kulinda mahali anapozipokelea? Nashikilia kwamba ulinzi huo ni sehemu ya uaminifu wenyewe, na anayeupuuza hali anajua hatari yake ana kosa.

Mtu akitembea juu ya zulia siku ya hewa kavu, mwili wake unaweza kubeba umeme tuli wa volti elfu kadhaa. Ukiwa chini ya volti 3,000 hivi, ukitoka kidoleni kwa kawaida hata hausikii. Kidole hicho kikigusa tundu la antena lisilo na kinga, umeme unapenya hadi kwenye kikuza mawimbi na kuichoma chipu. Chipu ikifa papo hapo, ni afadhali, maana kifaa kitatupwa. Baya ni kupona nusu. Kipokezi kinawaka, taa zake ni zilezile, ila kimekuwa kiziwi kidogo: kinachelewa kuzipata setilaiti na kuzipoteza chini ya miti, na mwenyewe anadhani ni hali ya hewa. Ndiyo maana mafundi huweka diodi za kukinga na vichujio. Lakini hawaweki ovyo, kwa sababu kila kinachotangulia kikuza mawimbi hula sehemu ya mawimbi yaleyale dhaifu. Ukikinga kupita kiasi, umeziba sikio. Kulinda, basi, ni kupambanua kipi kiingie na kipi kibaki nje.

Wapo watakaosema dhambi ni ya mvurugaji wa mawimbi, mpokeaji hana lake. Kweli, mvurugaji ana dhambi. Mwaka 2013 huko Marekani, dereva aliyeficha nyendo za gari la kazini kwa kifaa cha kuvuruga GPS, na kwa kufanya hivyo akaingilia mtambo wa kuongozea ndege katika uwanja wa Newark, alipigwa faini ya karibu dola 32,000. Lakini itazame bandari ya Moss Landing, California, mwaka 2001. GPS ilipotea humo, na uchunguzi ukafikia antena za televisheni zilizofungwa kwenye mashua, ambazo vikuza mawimbi vyake vilikuwa vikivujisha mawimbi. Wenye mashua walitaka kutazama televisheni tu. Hapo utamwadhibu mwovu gani? Madhara hayangoji nia mbaya.

Pingamizi zito zaidi ni la waumini: ukianza kuhakiki kila unachopokea, imani itabaki wapi? Nadhani hofu hii imeegemea kosa. Wanazuoni wa Hadithi, Imamu Bukhari akiwa mmoja wao, walichunguza kila msimulizi katika mlolongo wa wapokezi: ukweli wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na yule anayedai kumsikia. Hawakumshuku Mtume. Walimheshimu kiasi cha kutokubali maneno ya wengine yapitishwe kwa jina lake. Kuhakiki kwao kulizaliwa na imani, na Sura ya Al-Hujurat inaamuru habari ya mtu mwovu ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa kutojua.

Anayeongozwa na GPS naye ana deni hilohilo la kuhakiki. Mwaka 2013 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, kwa ridhaa ya wenye meli, waliipelekea meli ya White Rose of Drachs mawimbi bandia ya GPS katika Bahari ya Mediterania. Meli iligeuka, ilhali ramani kiooni ilionyesha mstari ulionyooka, na hakuna king'ora kilicholia. Kwa hiyo, wewe unayeongoza chombo chenye roho za watu ndani, kila zamu linganisha kioo na dira, na kina cha maji, na mnara unaouona kwa macho yako.