Je, Mwenye Kulipa Amemaliza Deni Lake?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya neno moja dogo, ambalo wengi wetu twalipita kila Jumamosi jioni bila kulitazama. Ni habari ya mtu aliyekaa katika kiti cha baa, chini ya mti au chini ya makuti, bendi ikipiga mbele yake, naye ametoa fedha kwa kila anachokula na kunywa. Je, mtu huyo amemaliza deni lake? Au liko jambo jingine analodaiwa, lisiloandikwa katika bili? Juu ya pombe yenyewe hatusemi leo. Hayo yamekwisha kusemwa mara nyingi, na wanywao soda hukaa katika viti vile vile, nao hudaiwa sawasawa na wengine.

Kwanza imetupasa kuungama kosa letu wenyewe, maana swali hili halikutujia kwa kusoma vitabu.

Mwaka 2019, usiku wa Jumamosi, tulikwenda watu watano kusikiliza muziki wa dansi mahali fulani katika Dar es Salaam. Uwanja ulikuwa umejaa hata watu wakaazimana viti. Wajuao muziki huu wafahamu desturi yake: mwanzo wa wimbo huenda polepole ili maneno yasikike, na watu hukaa wakisikiliza, kisha magitaa hushika mbio, ndiyo sehemu iitwayo chemko, na hapo viti huachwa vitupu. Tuliagiza vinywaji, na pamoja navyo nyama ya mbuzi ya kuchoma na ndizi. Nyama ikakawia. Msichana aliyetuhudumia alikuwa na meza nyingi, toka jukwaani mpaka langoni, naye alipita kati ya wachezaji akiinua sinia juu ya kichwa chake lisipigwe kumbo. Mmoja wetu akagonga chupa mezani, akamwita kwa sauti kuu, "We dada! Hujui kwamba mteja ni mfalme?" Sisi wengine tukacheka. Msichana akajibu, "Samahanini, wazee wangu, jiko limezidiwa, naileta sasa hivi." Na jiko lilikuwa limezidiwa kweli, kwa kuwa moto mmoja ulikuwa ukichomea uwanja mzima.

Usiku wa manane tulilipa bili ya vinywaji, tukaenda zetu. Kwa habari ya nyama, kila mmoja alidhani mwenziwe amekwisha kuilipia jikoni.

Siku ya Jumatano mmoja wetu alipita pale kutafuta kofia aliyoisahau. Kofia akaipata, maana yule msichana alikuwa amemwekea. Na pamoja na kofia akapata habari. Katika baa ile kaunta ilikuwa na mwenyewe, na jiko lilikuwa na mwenyewe. Mhudumu huichukua nyama jikoni kwa dhamana yake, na mteja akiondoka bila kulipa, mhudumu ndiye alipaye. Nyama yetu na ndizi zilikuwa shilingi 18,000, nazo zilikwisha kukatwa katika fedha zake. Amri ya mishahara ya mwaka 2013, iliyokuwa ikitumika hata wakati ule, iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa watumishi wa migahawa, nyumba za wageni na baa. Kwa mwenye kupata kima hicho, jasho la siku kama nne lilikuwa limekwenda katika nyama tuliyokula sisi.

Siku ile ile tukachanga, tukarudi wote watano. Akazipokea fedha, akahesabu, akashukuru. Tukaanza kumwomba radhi kwa maneno ya Jumamosi, lakini hatukumaliza, maana mtu wa meza ya pili alikuwa amekwisha kugonga chupa, naye akaenda kumsikiliza.

Njiani tulinyamaza. Methali yasema, dawa ya deni ni kulipa. Zile shilingi 18,000 tulizilipa, na deni lake likafa. Lakini lile neno la mfalme, na kile kicheko chetu, tungevilipa kwa noti gani?

Basi tulitazame neno hili, mteja ni mfalme. Wafanya biashara hulitumia kuwafundisha wauzaji wao wasimdharau mnunuzi, nalo ni neno jema kinywani mwa muuzaji. Kinywani mwa mteja huharibika. Ni kama neno mheshimiwa: ni zuri mtu akiitwa na wenzake, ni aibu akijiita mwenyewe.

Huenda msomaji akatujibu, "Je, mwataka tudhulumiwe tukae kimya? Mbona hamsemi juu ya bili iliyoongezwa chupa mbili, na bia ya moto aliyeletewa mtu aliyeomba ya baridi, na chenji isiyorudi mpaka mtu achoke kuingoja?" Ndugu, hayo yapo, nasi yametupata. Ndiyo maana watu wengine hawataki chupa tupu ziondolewe mezani hata mwisho, ili zihesabiwe mbele ya macho ya wote. Haki hiyo ni yako. Fedha yako imenunua kinywaji ulichokitaja, nyama iliyoiva, hesabu iliyo sawa, na chenji yako yote. Vidai vitu hivi, wala usione haya. Lakini fedha hiyo haikumnunua mtu. Mhudumu amemwuzia mwajiri wake saa zake na nguvu za miguu yake. Heshima yake hakuipeleka sokoni. Tena wako wanaume ambao wakimnunulia mhudumu soda moja, hudhani kwamba sasa mkono wake ni wao wa kushika. Mtu wa namna hiyo hakutoa zawadi, ametega mtego. Soda ni soda tu.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya bei na deni. Bei ni ya kitu, na deni hili ni la mtu. Bei hulipwa ikaisha, bali deni la mtu kwa mtu hulipwa kwa heshima, wala halifungwi kama daftari. Na mwenye kubisha ajipime kwa jambo hili: aletewe bia ile ile na nyama ile ile chumbani mwake, ale peke yake, mlango umefungwa. Je, Jumamosi ya pili atatamani tena? Hatatamani. Kumbe alichokifuata pale uwanjani hakikuwa chupa. Alifuata sauti za watu, na wimbo, na kukaribishwa kwa jina, na kuona rafiki akiinuka kucheza. Vitu hivyo havimo katika bili, na watu ndio waliompa. Apewaye kitu kisicho na bei ni mgeni, ijapokuwa amelipa. Na mgeni ana wajibu wake.

Wa kwanza anayemdai tumekwisha kumtaja, ndiye mhudumu.

Wa pili ni mpigaji wa muziki. Wengi wetu husema, "Mimi nimenunua vinywaji, muziki ni bure." Lakini katika kumbi nyingi mapatano yamekuwa haya: kiingilio ni cha bendi, na mauzo ya vinywaji ni ya mwenye baa. Basi mtu apitaye uani ili akwepe kiingilio, kisha akanunua bia kumi, amemnufaisha mwenye baa, na mpiga gitaa hakumpa kitu. Wazee wetu walijua kwamba muziki una gharama. Methali yasema, mcheza kwao hutunzwa. Hata leo watu hukiendea kipaza sauti wakambandika mwimbaji noti katika paji la uso, na desturi hiyo ni njema. Lakini tunzo ya usiku mmoja si ulinzi wa maisha.

Tutoe mfano. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha bendi ya NUTA Jazz, na wapigaji wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Bendi hiyo iliitwa baadaye JUWATA, kisha OTTU, na sasa watu huijua kwa jina la Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikaanzishwa Mlimani Park, ambayo wapenzi wake huiita Sikinde, nayo ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo hivi viliwapa wapigaji ngao. Baada ya uchumi kugeuka katika miaka ya 1980 na 1990, ngao ile ikawa nyembamba, na bendi nyingi zikaachwa zitegemee mlango na noti za paji la uso. Katika bendi hizo mbili aliimba Muhidin Maalim Gurumo, na sauti yake twaijua sote. Mwaka 2013 alistaafu akiwa mgonjwa, baada ya miaka hamsini na zaidi ya kuimba, na mali aliyoipata ilikuwa kidogo. Mwaka huo huo kijana mwenziwe katika kazi, Diamond Platnumz, akamzawadia gari. Watu walifurahi, nasi tukafurahi pamoja nao. Gurumo akafariki mwezi Aprili mwaka 2014. Tangu hapo twajiuliza: siku ile ya gari, tulikuwa tukifurahia nini? Tulifurahia mtu mwingine kulipa sehemu ya deni letu. Maana tulioziacha meza zetu kila lilipoanza chemko, kwa miaka hamsini, tulikuwa maelfu, naye kijana alikuwa mmoja.

Hatusemi kwamba kila msikilizaji anunue gari. Twasema alipe kiingilio bila kutafuta njia ya uani. Na mwimbaji anapoimba ile sehemu ya polepole, asipige kelele juu ya sauti yake, kwa maana maneno yale yametungwa ili yasikilizwe. Tena akisikia kwamba mpigaji ameugua, asingoje mpaka habari iwe ya msiba.

Wa tatu ni jirani. Huyu hanywi wala hachezi, hata hivyo analipa, maana anatoa usingizi wake. Nyuma ya ukuta wa uwanja yuko mtoto atakayeamka mapema, na mama mwenye mgonjwa, na mlinzi aliyerudi asubuhi asipate kulala hata sasa. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa ajili ya kelele, na wateja wengi wakanung'unika kana kwamba wamenyang'anywa mali yao. Lakini usiku ule wa jirani haukuwa mali ya mteja, wala mwenye baa hakuwa na haki ya kumwuzia. Ukiona spika zimegeuzwa kuelekea nyumba za watu, nawe ni mteja anayesikilizwa kwa sababu ya fedha zako, sema neno. Ufalme wa mteja, kama upo, na utumike hapo. Na ukiondoka saa nane za usiku, usipige honi kumwaga rafiki mliyeketi naye jioni nzima.

Huenda msomaji mwingine, asiyekanyaga baa kamwe, amekwisha kusema moyoni mwake kwamba maneno haya ni ya wengine. Asiseme hivyo upesi. Katika harusi zetu wako wapishi walioamka saa tisa za usiku, nao hula wa mwisho, tena masufuria yakiwa yamekaribia kuwa matupu. Iko kwaya inayoalikwa mji wa mbali, ikaimba mchana kutwa, kisha ikaachwa itafute nauli yake ya kurudi. Wako vijana wanaopanga viti na kuvikusanya, ambao hakuna ajuaye majina yao. Pale hakuna bili hata moja, na kwa sababu hakuna bili twadhani hakuna deni. Mtu wa baa amesahau kwamba fedha haimalizi yote, nasi tumesahau kwamba penye bure ndipo deni lilipo kubwa zaidi.

Basi, je, mwenye kulipa amemaliza deni lake? Twaona kwamba amemaliza bei tu, na kumaliza bei ni jambo la haki, asilikose. Lakini furaha ya binadamu haitengenezwi na mtu mmoja, na kila aliyeitengeneza ana sehemu yake: huyu uso wa heshima, huyu sikio la kusikiliza, huyu usiku wa utulivu. Mwenye kutoa hayo hapungukiwi na fedha, na mwenye kuyanyima hawezi kuyafidia kwa fedha.

Sisi watano bado hukutana, ijapokuwa si mara nyingi kama zamani. Yule ndugu mwenye kofia siku hizi humwuliza mhudumu jina lake kabla ya kuagiza. Na tangu Jumatano ile tuna desturi moja: wakati wa kuondoka, mtu asiinuke kitini kwanza mpaka mmoja wetu aulize kwa sauti, "Na jikoni je?"

Nawe msomaji, po pote ulipofurahi mwezi huu, kabla hujainuka, uliza hivyo.