Mashine Iliyouzwa kwa Kilo

Kaka yangu ameuza mashine ya mwanawe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilikuwa ya kupukuchua mahindi, injini ya pikipiki juu ya fremu ya nondo; miaka miwili kijana anachomelea, anabomoa, anachomelea tena. "Haijaisha," kaka akaniambia, "kwa hiyo si kitu."

Kumaliza ni nini, kila mtu anajua: kazi imekabidhiwa, fundi amelipwa. Tupite. Nilimtajia Leonardo da Vinci. Mwaka 1481 watawa wa San Donato a Scopeto, nje kidogo ya Firenze, walimwagiza picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Akaiacha ikiwa na rangi za awali tu, akahamia Milano. Watawa walikuwa na haki ya kununa, sibishi.

Kaka akacheka. "Huyo alikuwa Leonardo!"

Jibu hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 1481 huyo Leonardo wa kaka yangu hakuwapo. Alikuwapo kijana wa miaka 29, mtoto wa nje ya ndoa, ambaye hata baadaye alijiita mtu asiye na elimu ya vitabu. Watawa hawakuona jina la kulistahi. Kazi wakampa mchoraji Filippino Lippi, akachora picha yake mwenyewe na kuimaliza mwaka 1496. Leo picha zote mbili zinatunzwa katika jumba la sanaa la Uffizi, na wengi huijia ile isiyoisha. Jina limetokana na hizo nusu-nusu, halafu tunaambiwa jina ndilo linalozihalalisha! Kaka anataka mti umpe kivuli kwanza, ndipo aumwagilie.

Mimi, hata hivyo, napenda zaidi michoro ya Leonardo ya maji kuliko picha hiyo. Alichora mkondo ukigonga kizuizi na kujisokota kama msuko wa nywele. Uzeeni akachunguza moyo wa ng'ombe, akabuni kielelezo cha kioo cha kupitishia maji yenye mbegu za nyasi, ili mizunguko ionekane. Akang'amua kwamba damu ikizunguka nyuma ya vali husaidia kuifunga. Karatasi za uchunguzi huo hakuzichapisha. Sasa hapo amemaliza, au hajamaliza?

Jumapili kijana aliikuta fremu yake kwa yule mnunuzi. Injini ilishaondoka.

"Baba mdogo, nikopeshe ya injini."

Nikajikuta namuuliza ataimaliza lini.