Nyumba ya Mwenye Haraka

Nimeulizwa zaidi ya mara moja katika darsa yetu: mtu akiona bei ya nyumba yashuka, na mwenye nyumba ana dhiki ya kuuza, je, yafaa angoje mpaka ishuke zaidi? Swali hili si geni hapa Garissa. Nami nina deni ndani yake, kwani mara ya kwanza nililijibu upesi mno.

Ilikuwa mwaka 2015. Tarehe 2 Aprili wauaji wa Al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu cha hapa mjini wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miezi michache nyuma, Novemba 2014, abiria 28 walikuwa wameuawa katika basi lililotoka Mandera, na walimu walikuwamo. Basi walimu na wafanya kazi waliotoka bara wakahama. Chuo kikafungwa mpaka Januari 2016. Na vyumba vya kupangisha vikabaki na makufuli. Mwenye nyumba aliyezoea kuchagua wapangaji akawa yeye ndiye awatafutaye.

Siku zile alinijia mtu baada ya Alasiri akaniambia: "Sheikh, kuna mfanya biashara wa bara auza nyumba yake ya mawe. Mwaka jana aliikataa milioni tatu. Leo ataka mbili, nami nimesikia kuwa mkewe hataki kulala hapa hata usiku mmoja. Nikikaa kimya wiki mbili ataiachia kwa moja na nusu. Je, ni halali?" Nikamjibu: "Ni halali, maadamu mmeridhiana." Akaenda zake akifurahi.

Jibu lile halikuwa uongo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, bei kuwa duni peke yake haivunji mauzo, ikiwa hapana udanganyifu. Lakini yeye hakuniuliza kama mauzo yatasihi. Alikuwa anauliza kama ni vizuri, nami nikamjibu la kwanza nikaliacha la pili. Al-Khattabi, aliyeisharihi Sunan ya Abu Dawud, amewagawa wauzao kwa dhiki mafungu mawili. Mmoja ni aliyetezwa nguvu, na mauzo yake ni batili. Wa pili ni aliyebanwa na deni au haja; huyu mauzo yake ni sahihi, ila muruwa wataka asinunuliwe hivyo, bali asaidiwe, akopeshwe, apewe muhula. Na ijapokuwa hadithi iliyopokewa katika mlango huo isnadi yake ni dhaifu, maana yake haipingwi na mwenye akili.

Imepokewa pia khabari ya Sayyidna Jarir bin Abdullah, aliyenunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomtazama farasi alimwambia mwenyewe kuwa thamani yake ni zaidi, akawa anamwongezea mpaka akamlipa 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Mtu atasema: huyo muuzaji wa Garissa hakuwa Muislamu. Nami nasema: hilo ndilo lizidishalo uzito. Mtume mwenyewe alifariki na deraya yake iko rahani kwa Myahudi kwa pishi za shayiri. Hakuwa na mizani mbili za biashara. Na mtu huyu alikuwa akikimbia watu waliodai kuua kwa jina la dini yetu. Kila laki iliyopungua katika bei ilipunguzwa na damu ile. Kumngojea khofu yake iive, halafu uvune, ni jambo ambalo sikujua kuliita jina siku ile.

Wala simaanishi kuwa kungoja kote ni kubaya. Ikiwa bei yashuka kwa kuwa nyumba zimejengwa nyingi kuliko wapangaji, ngoja utakavyo, na dalali akuhimizaye kuwa kesho itapanda usimsikilize. Ama kukopa kwa riba ili kuwahi nyumba rahisi, hilo nalipita. Tangu mwaka 2008 ziko benki Kenya zisemazo kuwa zafuata sharia, na hati zao pia zisomwe kabla ya kutiwa sahihi. Kadhalika yule auziwaye kiwanja kwa barua ya kugawiwa, bila hati miliki, na aulize majirani kabla ya kutoa pesa.

Yule ndugu aliinunua kwa milioni moja na laki sita. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mto Tana ulifurika. Mabwawa ya juu kama Masinga yalijaa yakamwaga, njia ya Madogo ikakatika, na mabula ya karibu na mto yakaingia maji. Nyumba ile ilifikwa na maji mpaka madirishani. Sisemi kuwa ni adhabu. Yaliingia pia nyumba za wachamungu, na za maskini wasiowahi kununua kitu.

Sasa ataka kuiuza. Amenijia tena, safari hii kuuliza kama ni lazima amwambie mnunuzi khabari za maji, maana mnunuzi atoka mbali na hakuuliza. Nikamwambia: kuficha aibu ya nyumba ni haramu, na mnunuzi akiigundua ana haki ya kuirudisha. Akasema bei itaanguka. Nikamwambia ampeleke mtu huyo akaone alama ya maji ukutani kabla ya kuipaka chokaa. Alinyamaza, akaniaga. Ukuta bado haujapakwa. Nilipita jana nikatazama.