Mkenya wa Nne

Siakago theluji ni ya kutazama tu. Asubuhi isiyo na mawingu, Kirinyaga inaonekana kule juu, nyeupe kidogo kileleni, na sisi huku chini tuko na joto, vumbi, ndengu na muguka. Kwa hivyo nilipowaambia wasee wa steji kwamba Kenya imewahi kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, walicheka. Mmoja akauliza, "Sasa huyo si alibeba nafasi ya mtu, buda?"

Swali zuri kuliko alivyodhani.

Mwaka 1998, Nagano, Japani. Philip Boit, mkimbiaji wetu wa Bonde la Ufa, aliona theluji mara ya kwanza akiwa mtu mzima, alipopelekwa Finland kwa pesa za Nike. Katika mbio za kilomita 10 za kuteleza kwa skii alimaliza wa mwisho, nambari 92, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alimngoja akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo.

Kukumbatiana kule sina neno nako. Ninayemwaza ni Mnorwei wa tano. Kila nchi iliruhusiwa watu wanne tu, na wa tano wao, ambaye bila shaka angemwacha Boit mbali sana, alikosa nafasi katika mbio hizo. Je, alidhulumiwa?

Kabla ujibu, kumbuka marathoni. Hapo ni watatu kwa kila nchi, na Mkenya wa nne hutazama kwenye TV huku mtu wa nchi isiyo na historia yoyote ya mbio akihangaika kule nyuma. Huyo hatumwiti mwizi wa nafasi. Tunampigia makofi, tunasema ni moyo wa Olimpiki. Mbona kwa Boit tuone haya?

Nilipokuwa chuo (kabla karo haijanishinda) nilisikia maneno hayohayo kuhusu wasichana walioingia enzi zile walipopunguziwa pointi: eti waliingia kwa huruma. Aliyewahi kusoma kemia bila maabara hasemi hivyo. Mnorwei wa tano alipoteza kitu cha kweli, tusimdanganye. Lakini theluji, kocha na skii alikuwa navyo tangu utotoni.

Linalonikera ni nafasi inayokuja na kamera bila kiwanja. Vijana wa Ice Lions walijifunzia hoki ya barafu katika hoteli ya Panari, Mombasa Road, wakicheza wao kwa wao, maana Kenya nzima hapakuwa na timu nyingine. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada, wakacheza, tangazo likarekodiwa, dunia ikatokwa na machozi. Mwaka 2024 Kenya ikaingia shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Na barafu waliyoanzia ni ileile ya hotelini, ndogo kuliko kiwanja cha kimataifa.