Vyumba vinne vya Masaki

Rafiki yangu kapata kazi nzuri Dar, anataka kupanga apatimenti Masaki: vyumba vinne, bahari dirishani, jenereta, lifti, mlinzi getini. Anaishi peke yake. Kaniuliza, "Hivi ni dhambi?"

Nikamwambia nyumba nzuri si dhambi. Martha alimkaribisha Yesu nyumbani kwake, na Yesu hakumwambia aiuze.

Ila yule tajiri wa Luka 16 ananisumbua. Injili haisemi aliiba, wala kwamba alimfukuza Lazaro. Maskini alilala mlangoni pake, yeye akaendelea kula. Basi! Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 69 (1965), unafundisha kwamba mwenye mali aione kuwa ni ya wengine pia, iwafae nao. Kwa hiyo kile chumba cha nne kina wenyewe, hata kama kodi unalipa wewe (na Dar wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, bado dalali na ya kwake ya mwezi mmoja).

Nikamuuliza, mdogo wako akija chuo atalala kwako, au utamtafutia chumba Mbagala?

Akacheka. Eti dogo anakoroma.

Nikamwambia vyumba viko vinne, bwana, milango ipo. Amesema atafikiria. Dogo anaripoti Oktoba.