Reli Iling'olewa, Bomba Likaja

Mei 22, 2013, maduka ya Mtwara yalifungwa. Watu walitega masikio: Dodoma, bajeti ya nishati ilikuwa inasomwa. Mpango wa bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam ukabaki palepale, na mji ukawaka moto.

Hasira ile ilikuwa na umri. Waingereza walijenga bandari na reli huko Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ukafa, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kusini ikazoea kuhesabu vinavyoondoka.

Januari 2013, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikuwa amekwenda Mtwara kuwasikiliza viongozi wa dini na vyama. Vikao vile, ingawa vilichelewa, vilistahili kuendelea. Leo gesi husafishwa Madimba, karibu na Mto Ruvuma, kabla ya kusafiri.